Bomba la Tanki la Saba

Jumatatu ya kwanza ya Juni 2013, saa tatu asubuhi, bango la chuma lilisimikwa juu ya kilima cha Chapwa, Tunduma, likitazama barabara kuu ya kwenda mpakani. Liliandikwa: HAPA PANAJENGWA KITUO CHA USHIRIKIANO WA VYUO VIKUU VYA KANDA KWA UTAFITI WA CHEMBE NDOGO KULIKO ZOTE. KARIBUNI WADAU WOTE. Chini yake, kwa herufi nyekundu: HAIRUHUSIWI KUPITA.

Nilikuwepo. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Maandalizi ya kituo hicho. Naandika taarifa hii kwa sababu habari zilizozagaa mjini zinasimuliwa na watu wenye furaha, na furaha si chanzo cha kuaminika.

Wasomaji wa kwanza wa bango walikuwa wanawake waliokuwa wakipanda kutoka kwenye chemchemi ya bondeni, ndoo kichwani. Mwezi Juni chemchemi ile hutoa maji kwa kusitasita, na mtu huchota kwa kikombe. Walilisoma bango bila kuinamisha vichwa, wakalizunguka, wakapita.

Mradi ulikuwa wa vyuo vikuu vitano kutoka nchi tatu. Tunduma ilichaguliwa kwa sababu za kisayansi, yaani mwinuko wake na ukame wa anga lake, na pia kwa sababu mjumbe wa Zambia, Dakta Enoka Sikazwe, aligundua wakati wa chakula cha mchana kwamba dada yake ameolewa na mdogo wake Mwenyekiti wa Kamati. Kabla ya chakula kile kulikuwa na maeneo manne yaliyoshindanishwa. Baada ya chakula, upembuzi yakinifu ulikuwa umekamilika.

Mwenyekiti ni Mheshimiwa Osward Sichalwe. Ana kisima kirefu kule Mlowo na maboza mawili ya kusafirishia maji. Katika mji ambao sehemu kubwa ya mwaka hunywa kutoka kwenye boza, mtu wa namna hiyo hasalimiwi kwa mkono mmoja. Alichaguliwa kuongoza Kamati kutokana na mapenzi yake kwa sayansi. Mapenzi hayo yalianza siku aliposikia kwamba kituo kitahitaji maji.

Suala la maji lilifafanuliwa katika kikao cha kwanza na Dakta Naila, mtaalamu wetu wa fizikia, mwanamke asiyependa kurudia jambo. Alisema hatutatengeneza chembe, kwa kuwa zinanyesha zenyewe kutoka angani usiku na mchana, masika na kiangazi. Zinapita kwenye mabati, kwenye dari na kwenye wajumbe. Mwenyekiti alijishika kifua. Akauliza kama zinapita pia mpakani. Dakta Naila akajibu kwamba zinapita bila kusimama. Kikao kiliagiza habari hiyo isiwafikie madereva wa malori, ambao wakati huo walikuwa wamelala kwenye foleni iliyoanzia forodhani na kuishia karibu na bango letu.

Njia ya kuzitambua chembe hizo ni matanki. Kumi na mawili, meusi, marefu kuliko mtu, yamefungwa pande zote na kujazwa maji yaliyochujwa mpaka yakawa safi kuliko ya kutundikia dripu. Chembe ikikatiza ndani ya maji hayo, gizani, huacha mmweko wa buluu ambao binadamu hawezi kuuona, lakini jicho la kielektroniki lililofungwa juu ya tanki linauona. Masharti ni mawili: mwanga usiingie, na maji yasipungue. Nje ya kila tanki kulikuwa na kipimo chenye mstari mwekundu. Maji yakishuka chini ya mstari, vipimo vya nchi tatu vinaharibika.

Zabuni ya kuleta maji ilitangazwa kwa uwazi kamili. Mwombaji alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa akiongoza kikao. Ili asiathiri maamuzi, Mheshimiwa Sichalwe alitoka nje na kusimama dirishani. Alipoitwa kuelezwa kwamba ameshinda, alitoa ahadi ambayo hakuna aliyeiomba.

"Kila tanki, kila siku, mpaka mstari mwekundu," alisema. "Yakipungua kwa sababu yoyote ile, iwe jua, iwe ufa, iwe shetani, boza langu litajaza bila kuuliza. Andika, Katibu."

Niliandika. Wajumbe wa nchi tatu walipiga makofi. Inafaa ieleweke kwamba dakika chache kabla, Dakta Naila alikuwa amemhakikishia kuwa tanki lililofungwa vizuri halipungui.

Chini ya kilima chetu kuna zahanati. Ni jengo zuri, lina kitanda cha kujifungulia, lina muuguzi, lina saa ya ukutani. Halina maji. Utaratibu ulikuwa kwamba mama anayekuja kujifungua aje na ndoo mbili zilizojaa, na anayekuja na moja ashauriwe kuwahi ya pili. Mwaka uliotangulia mama mmoja alijifungulia kwenye benchi la nje wakati mumewe amekwenda kuitafuta hiyo ya pili. Mtoto alipona. Benchi liliondolewa, ili lisizoeleke.

Muuguzi wa zahanati anaitwa Judith. Alifika mbele ya Kamati akiwa na sare yake nyeupe, wiki ambayo maboza yalikuwa yakipanda kilima mchana kutwa kujaza matanki. Wiki hiyohiyo bei ya ndoo ya maji mjini ilipanda, kwa kuwa maboza hayakuonekana mitaani. Kamati ilipokea taarifa ya bei na kuitambua kama dalili ya kukua kwa uchumi wa eneo la mradi.

Judith aliomba mpira mmoja tu wa maji, kutoka tanki lolote hadi zahanati.

"Sista," Mwenyekiti alimwambia kwa upole, "haya maji si ya matumizi ya binadamu. Ni ya matumizi ya ulimwengu."

"Yanafanya nini humo ndani, mzee?"

"Yanasubiri chembe."

"Mimi nina Mwasiti, mke wa dereva, mwezi wa nane anajifungua. Yeye naye anasubiri. Anauza chai kwa madereva, kila jioni anatenga kidumu cha maji ya kuja kujifungulia, na kila asubuhi kidumu kinaishia kwenye chai. Nimwambie asubiri nini?"

Mwenyekiti aliniangalia. Nilimjibu Judith kwamba ombi lake limepokelewa na litaingizwa kwenye mchakato. Akauliza kama mchakato una maji. Hoja hiyo ilikuwa nje ya ajenda.

Nakumbuka Dakta Naila hakuchangia. Alikuwa akichora mteremko wa kilima kwenye karatasi yake.

Julai yote ilipita katika maandalizi ya uzinduzi. Mgeni rasmi angetoka mbali, mtu mkubwa, na redio ingekuwepo. Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo wanafizikia wa nchi tatu hawakuwa wameliona: mradi wetu haukuwa na kitu cha kuona. Kamati iliunda Kamati Ndogo ya Mwonekano wa Chembe. Tulikutana mara nyingi na tulikula vizuri.

Tangu nchi hii ianze kuzindua mambo, mgeni rasmi hufanya moja kati ya matatu. Hukata utepe, hufunua jiwe, au hufungua bomba na kumtwisha mama ndoo. Utepe ulionekana mdogo kwa mradi wa kanda nzima. Jiwe lilichongwa, lakini jina la kituo halikuenea, na fundi wa jiwe alikataa kuandika nyuma. Likabaki bomba.

Dakta Naila alieleza, mara moja, kwamba bomba kwenye tanki la utafiti ni tundu kwenye tanki la utafiti. Mwanga utaingia na maji yatatoka, na hayo ndiyo mambo mawili yaliyokatazwa.

"Daktari," Mwenyekiti alisema, "mgeni rasmi hawezi kuzindua giza."

Dakta Naila aliitazama karatasi yake. Kisha akasema kwamba kama ni lazima, basi bomba lifungwe kwenye tanki la saba. Jicho la tanki hilo lilifika kutoka bandarini likiwa limepasuka, na jipya lilikuwa bado kwenye utaratibu wa kuagizwa. Akaongeza kuwa maji hufuata mteremko, kwa hiyo mpira ushuke hadi kwenye uwanja wa zahanati, ambao ndio pekee ulio tambarare kiasi cha kusimamisha maturubai na meza kuu. Bomba likae ukutani pa zahanati, mgeni rasmi asipigwe na jua.

Nilishangazwa na wepesi wake. Watu wa fizikia huwa wanabisha zaidi.

Mwenyekiti alikubali yote na kuongeza moja. Bomba liwe la muda. Alimleta Idrisa, fundi bomba wa Tunduma mjini, akamwagiza aunganishe kwa heshima lakini asichimbie. Msafara wa mgeni rasmi ukishapinda kona, aling'oe, azibe tanki, akunje mpira. Siku ya tukio asimame nyuma ya turubai na spana mkononi. Idrisa aliuliza kama wenye zahanati wanajua. Aliambiwa kwamba wao ni wadau, na wadau hujulishwa mwishoni.

Ilibaki kumpata mama wa kutwishwa. Kamati Ndogo ilitaka mtu nadhifu, mwenye shingo imara, asiye na maneno mengi. Alipendekezwa Judith, kwa sababu sare nyeupe hutokea vizuri kwenye picha. Kuhusu sharti la tatu, hakuna aliyefanya uchunguzi.

Uzinduzi ulifanyika Agosti, katikati ya upepo ule wa Tunduma unaobeba vumbi la nchi mbili. Viongozi walivaa makoti. Kwaya iliimba wimbo wenye beti tano kuhusu chembe, uliotungwa na mwalimu ambaye hakuambiwa chembe ni nini, na kwa hiyo aliisifu bila kikomo. Mwasiti alikuwepo pia, amekaa kwenye ngazi ya zahanati, ameegemea ukuta, tumbo liko mbele yake kama mzigo aliowekewa na mtu mwingine.

Mgeni rasmi alihutubia vizuri. Alisema sayansi ni maendeleo, maendeleo ni watu, na watu ni sayansi. Dakta Enoka alitafsiri kwa wageni wa ng'ambo, na kwa Kiingereza ilionekana fupi zaidi. Kisha mgeni rasmi aliongozwa hadi ukutani na kuonyeshwa bomba.

Akauliza chembe ziko wapi.

"Zimo humo kwenye maji, mheshimiwa," Mwenyekiti alisema. "Hazionekani, lakini ziko nyingi sana."

Mgeni rasmi alifungua. Bomba lilikohoa, likatema vumbi, halafu maji yakatoka, meupe kwa nguvu, yakagonga ndoo. Kamati Ndogo ilikuwa imepanga makofi. Vigelegele havikuwa kwenye ratiba. Vilitoka kwa wanawake waliosimama nje ya kamba, na vikaendelea hata mshereheshaji aliposema ahsanteni.

Ndoo ilijaa. Mgeni rasmi aliinua kwa mikono miwili, akamtwisha Judith. Kwa desturi, mama aliyetwishwa hupiga hatua chache kuelekea kwa wapiga picha, anatabasamu, na shughuli inaendelea. Judith hakupiga hatua. Alisimama palepale, shingo imenyooka.

"Mheshimiwa, ahsante," alisema. "Naomba niulize moja, ndoo ikiwa bado kichwani."

"Uliza, mama."

"Yule fundi nyuma ya turubai ameshika spana tangu asubuhi. Anasubiri nini?"

Upepo ulikuwa ukilipeperusha turubai. Idrisa alionekana, akafunikwa, akaonekana tena. Mgeni rasmi alimwita. Idrisa alikuja, na spana alikuja nayo, kwa kuwa hakuwa amepewa maelekezo ya kuiweka chini.

"Wewe, kazi yako hapa ni nini?"

Idrisa alimtazama Mwenyekiti. "Mimi ni wa hili bomba, mheshimiwa," alisema, akaishia hapo.

Kilichofuata kilirushwa na redio, kwa hiyo hakihitaji ushahidi wangu. Mheshimiwa Sichalwe alisogea mbele, akatabasamu, akaweka mkono kwenye bega la Idrisa.

"Huyu ni fundi wa kudumu wa bomba hili, mheshimiwa. Nimemweka mimi mwenyewe. Kazi yake ni kuhakikisha maji hayakatiki hapa usiku na mchana, kwa ajili ya mama zetu wanaojifungua."

Mgeni rasmi aliguswa. Alichukua kipaza sauti. Alisema amezunguka nchi hii akizindua mabomba, na mengi hukauka kabla vumbi la msafara halijatulia, lakini leo amekutana na kiongozi mwenye maono. Kisha akatoa agizo.

"Bomba hili nimelifungua kwa mkono wangu. Asitokee mtu wa kulifunga. Njia hii ya Zambia naipita mara kwa mara. Nitasimama hapa ninywe, na nikikuta pakavu nitamuuliza Mwenyekiti."

Idrisa ni mtu anayefuata agizo la karibuni. Alipiga goti, akafunga spana kwenye kiungo cha bomba, akakikaza.

Msafara ulipopinda kona, Mwenyekiti alimwambia Idrisa ang'oe.

"Mzee," Idrisa alisema, "mimi ni wa kudumu. Umetangaza mwenyewe."

Akaambiwa asilete ujuaji. Akajibu kwamba si ujuaji, mama yake kasikia redioni na ameshawapigia simu ndugu wote. Kesho yake alianza kuuchimbia mpira.

Mwasiti alijifungua wiki hiyo. Alifika asubuhi na begi na kanga, akasimama mlangoni akiomba radhi kwa mazoea, kwamba ndoo hakuzipata, mume yuko safarini. Judith alimwambia, "Ndoo za kazi gani? Panda kitandani." Mtoto alikuwa wa kike. Alioshwa kwa maji ambayo, kwa viwango vya vyuo vikuu vitano, ndiyo yaliyokuwa safi kuliko yote katika kanda.

Tanki la saba likaanza kushuka. Dakta Naila aliitisha kikao cha dharura na kutoa taarifa kwa ufupi: maji yako chini ya mstari mwekundu, kanda nzima inasubiri boza.

Mwenyekiti alisema huo si upungufu, ni wizi. Wanawake wanachota kutwa nzima, wa zahanati na wasio wa zahanati. Mkandarasi hawezi kulipia kiu ya watu.

Dakta Enoka alikohoa, akaanza kwa neno la heshima la kwao. "Shemeji, mukwai, ulisema sababu yoyote ile. Jua, ufa, shetani. Mimi nilikuwa nimekaa kiti hikihiki."

"Wanawake wa Chapwa si shetani."

"Hakuna aliyesema hivyo," Dakta Naila alisema. "Wanaingia kwenye yoyote ile."

Mwenyekiti aliuliza kama tanki la saba, ambalo jicho lake limepasuka na halioni chochote, lina ulazima gani wa kujaa. Dakta Naila alijibu kwamba ahadi ilikuwa kila tanki. Hakuna aliyeahidi kila tanki linaloona.

Mwenyekiti alitishia kujitoa. Dakta Enoka alisema ni haki yake, na kwamba ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kuna kilima kizuri tu, wenyeji wake wameshauliza zaidi ya mara moja. Kikao kilitafakari hali ya mtu ambaye angetembea Tunduma akijulikana kuwa ndiye aliyewapa watu wa Nakonde kituo. Mwenyekiti alitafakari kuliko wengine. Wakati huohuo simu yangu ililia. Alikuwa msaidizi wa mgeni rasmi. Picha ya kutwisha ndoo ilikuwa imetoka vizuri gazetini, bosi ameipenda, anauliza bomba letu linaendeleaje. Wajumbe walinitazama. Nilisema linaendelea.

Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili, kujaza au kuaibika. Kamati iliunda kamati ndogo ya kutafuta njia ya tatu, chini ya Mheshimiwa Sichalwe. Haijawahi kukutana, kwa sababu mwenyekiti wake yuko barabarani na boza.

Septemba ilikuwa na joto na matukio machache. Matanki kumi na moja yalianza kuona chembe, kwa idadi iliyowafurahisha wataalamu wa nchi tatu. Hakuna kiongozi aliyeulizia. Viongozi waliuliza kuhusu la saba, na kila aliyepita alisimama kunywa na kupigwa picha, mpaka Judith akaweka kikombe maalumu cha viongozi na kukifunga kwa mnyororo. Maombi ya mabomba kama hilo yalifika kutoka mitaa mingine. Mtaa mmoja uliomba kabisa uletewe chembe.

Boza la pili la Mwenyekiti liliharibika gia kwenye mlima wa kutoka Mlowo. Lililobaki halikutosha kwa mji na tanki, na kati ya mji na tanki, tanki ndilo lililokuwa na redio. Wateja wa mjini walikosa, wakahamia kwa wauzaji wengine. Baadhi walihamia Chapwa, kwenye bomba. Nyumba ya Mwenyekiti yenyewe ilikuwa ikijazwa na boza lake kila mwisho wa wiki. Zamu hiyo ilisogezwa mbele, ikasogezwa tena.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba, asubuhi, Mheshimiwa Osward Sichalwe alionekana akishuka kilima cha Chapwa kwa miguu, amevaa suti ya kijivu, ameshika ndoo nyeupe yenye mfuniko. Dereva wake alikuwa ameomba ruhusa ya msiba Itaka. Boza lilikuwa limeegeshwa nyumbani kwake, tupu, likisubiri dereva arudi jioni. Mkewe alikuwa amemwambia jambo ambalo majirani walilisikia lakini ambalo sikulithibitisha.

Foleni ilikuwa ndefu. Mwenyekiti alisalimia, akapita pembeni kuelekea mbele, kama anavyopita benki na hospitali. Judith alikuwa amesimama mlangoni pa zahanati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Sista. Nachota kidogo tu, nina kikao."

"Hapa wanaanza wajawazito," Judith alisema. "Halafu wenye watoto wachanga. Halafu wengine. Wewe uko kundi gani, mzee?"

Alifikiri. "Wengine."

"Basi mwisho ni kwa yule dada mwenye sweta la kijani."

Mwenyekiti alikwenda nyuma ya sweta la kijani. Mbele yao alikuwa Mwasiti, mtoto mgongoni, anachota maji ya chai. Alimsogezea Mwenyekiti kigoda cha kukalia. Mwenyekiti alishukuru, akabaki amesimama.

Foleni ilisogea. Mwasiti alifika kwenye bomba, akafungua, ndoo yake ikafika nusu. Bomba likakohoa. Likatoa uzi, kisha matone, kisha hewa.

Hakuna aliyelalamika. Foleni nzima iligeuka na kumtazama mtu mmoja mwenye suti ya kijivu.

Idrisa aliinuka kutoka kwenye kivuli cha ukuta, spana kwenye mfuko wa nyuma. "Mzee," alisema, "boza liko wapi?"

"Nyumbani."

"Na dereva?"

"Msibani."

"Poleni," Idrisa alisema. "Ufunguo unao?"

Mwenyekiti aliingiza mkono mfukoni. Ufunguo alikuwa nao. Aliutazama. Akaiweka ndoo yake chini, nyuma ya dada mwenye sweta la kijani, ili imshikie nafasi, kama wafanyavyo wote. Akamwomba Mwasiti aiangalie. Kisha akapanda kilima.

Muda mfupi kabla ya saa tano boza lilionekana kwenye barabara kuu, likipita kando ya foleni ya malori kuelekea Mlowo, Mheshimiwa Sichalwe kwenye usukani, tai ameilegeza. Nilipopita zahanati baadaye, wajawazito wawili walikuwa wamefika na ndoo zao. Ndoo nyeupe yenye mfuniko ilikuwa imesogezwa nyuma.